Matone Yafike Bondeni
Maneno ya kamati ya afya kwenye harambee ya mwaka



Tumepewa dakika chache kabla ya chakula. Tunaomba fedha za jokofu la sola na pikipiki kwa zahanati yetu ya bondeni, na tunataka mjue sababu.

Tangu 1996 Tanzania ilikaa bila mgonjwa wa polio. Mwaka 2023 ugonjwa ukaonekana tena, na haukuonekana mbali: ulionekana mkoani kwetu, Rukwa. Septemba ile wahudumu walipita nyumba kwa nyumba katika mikoa sita, Rukwa, Katavi, Songwe, Mbeya, Kigoma na Kagera, wakiwapa matone watoto wa chini ya miaka minane.

Wapo ndugu waliotuuliza: mbona tunasikia kirusi hicho kimetokana na chanjo yenyewe? Ni kweli, na heri tuliseme wenyewe. Matone yana kirusi kilichodhoofishwa, na mtoto aliyechanjwa hukitoa chooni kwa muda. Penye watoto wengi waliochanjwa kinakosa pa kwenda. Penye wengi wasiochanjwa kinapita mtoto hadi mtoto, mwezi baada ya mwezi, mpaka ukali wake unarudi. Kwa hiyo kilichokosekana kwetu ni chanjo, haikuzidi. Tena anayepooza ni mmoja tu katika takribani 200 walioambukizwa. Wengi wa waliobaki wanacheza uwanjani kama kawaida, huku wakiambukiza. Na mguu ukishapooza hivyo, hospitali haina dawa ya kuurudisha.

Sasa kampeni imepita na fulana zimechakaa. Kinachomlinda mtoto ni kliniki ya kila siku: matone anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na sindano. Mama anatoka kambi ya wavuvi alfajiri, mtoto mgongoni, anafika anaambiwa jokofu limezima, arudi wiki ijayo. Nani kati yetu angerudi? Chanjo zile hutunzwa zahanati kati ya nyuzi 2 na 8. Kichupa cha matone kina mraba mdogo ndani ya duara. Joto likizidi mraba hubadilika rangi, na kichupa hutupwa.

Pikipiki ni ya kliniki ya mkoba, ili muuguzi awafuate wavuvi na wafugaji huko huko waliko. Tusijidanganye kwamba kununua kunatosha. Ndiyo maana tumeweka fungu la mafuta na matengenezo ya mwaka mzima, na tunawasihi msilipunguze kwenye majadiliano, kama ilivyo desturi yetu.

Fomu za ahadi ziko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Mweka hazina amekaa karibu na mlango. Andikeni na jina la kitongoji, maana mashindano ya vitongoji bado yapo.