Boti Kuukuu ya Alumini: Tusiitupe, Tuifufue



Kama kikundi chenu kina boti ya alumini imelala uani, kuku wanataga ndani, msikimbilie kuiuza kama chuma chakavu. Alumini haishiki kutu kama chuma. Mara nyingi mwili ni mzima, shida ni matundu.

Tutayajuaje? Iwekeni juu ya magogo imara, mtie maji kidogo ya kufunika sakafu tu, maana maji ni mazito. Halafu tazameni chini. Panapodondoka, tieni alama.

Ribiti iliyolegea inataka watu wawili: mmoja ashikilie chuma kizito upande huu, mwingine agonge polepole upande ule. Iliyolika itolewe, na mpya iwe ya alumini. Mkitia ya shaba, alumini ya pembeni ndiyo italiwa. Rangi yenye shaba pia tuikatae.

Kuchomelea tumwachie fundi anayeijua alumini. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi bila kuwa nyekundu kwanza, ghafla mna shimo.

Ubao wa nyuma unaobeba injini, udungeni kwa bisibisi. Ikizama, ubao umeoza, badilisheni.

Mwisho, ijaribuni karibu na ufuo, bila mzigo, kila mtu amevaa jaketi la kuokolea. Pesa za kikundi zitachangwa tena, lakini mzazi aliyezama harudi.

Haya, tushikeni nyundo. Mungu abariki kazi ya mikono yetu.