Uraibu Unaoanzia Mgongoni: Dawa za Jamii ya Afyuni na Wapakizi wa Viazi Kuresoi

Nitakayosema yanatokana na kazi yangu ya utabibu. Yasichukuliwe kuwa msimamo wa Kaunti ya Nakuru wala wa Wizara ya Afya.

Waandaaji wa semina hii wameniomba nianze na maana ya maneno. Dawa za jamii ya afyuni ni zile zinazotokana na utomvu wa mmea wa afyuni, kama morfini na kodeini, pamoja na heroini inayotengenezwa kutokana na morfini, na nyingine zinazoundwa viwandani tu, kama methadoni, fentanili na tramadoli. Zote hutuliza maumivu, na zikizidi hupunguza kasi ya kupumua. Uraibu ni ugonjwa: mwili huzoea, kipimo hupanda, na mtu akikosa dawa hupatwa na arosto, yaani jasho, miayo, kamasi, kuhara, maumivu ya mifupa na usiku usio na usingizi. Mengi ya haya mnayajua, kwa hiyo sitakaa hapo.

Uraibu wa aina hii ukitajwa nchini Kenya, macho huelekea Pwani na Nairobi, na si bure. Heroini imewamaliza vijana wa Mombasa, Malindi na Lamu tangu miaka ya 1980. Serikali ilianza kutoa methadoni kama tiba ya uraibu huo katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi mwaka 2015. Wenzetu wa Muhimbili, Dar es Salaam, walikuwa wameanza mwaka 2011. Ni kazi njema iliyookoa watu wengi. Lakini imetuzoesha kudhani kwamba mraibu ni teja wa mjini mwenye kete mfukoni, na kwamba huku kwetu Kuresoi, kwenye baridi ya Mau, shida ni chang'aa na bangi basi. Marekani nao walidhani hivyo. Janga lao la sasa lilianzia kwenye vidonge halali vya maumivu, hasa baada ya OxyContin kuingia sokoni mwaka 1996, na kufikia mwaka 2021 dawa za jamii hii zilikuwa zikiua watu wapatao 80,000 huko kwa mwaka mmoja. Kule angalau kidonge kilianza kwa kuandikwa na daktari. Huku kwetu mara nyingi hata daktari hayumo.

Hapa ndipo ninapoomba muda wenu.

Msimu wa viazi ukifika, malori hupanga foleni kwenye barabara zetu za matope. Gunia linalopakiwa si lile la kilo 50 lililowekwa na kanuni za viazi za mwaka 2019. Ni lile lililoongezwa kichwa kwa wavu na kamba, ambalo hupita kilo 100. Mpakizi hulipwa kwa gunia, si kwa kilo. Kijana wa miaka ishirini na kitu huliinamia, hulitia mgongoni, hupanda ubao ulioloa mvua, hushuka, hurudia, tangu alfajiri mpaka giza. Wiki ya pili mgongo unagoma. Kesho asipokuja, nafasi yake inachukuliwa na mwingine. Anaingia kemisti na kuomba dawa ya mgongo. Parasetamoli na diklofenaki zimeshindwa, kwa hiyo anapewa tramadoli, vidonge kadhaa vilivyokatwa kutoka kwenye pakiti yake na kufungwa kwenye karatasi isiyo na jina. Hakuna aliyemwandikia, hakuna anayeandika kwamba vimeuzwa.

Siku hiyo anapakia vizuri. Zaidi ya hayo, hahisi uchovu, na moyo umetulia. Hapo ndipo mtego ulipo: kidonge hakimpi starehe kwanza, kinampa kazi. Baada ya majuma machache kimoja hakitoshi. Kipimo kikizidi miligramu 400 kwa siku, hatari ya degedege hupanda, na hata chini ya hapo mtu anaweza kuanguka. Vijana wa aina hii huletwa kwetu wakiwa wameanguka sokoni, jamaa wakiapa kwamba ni kifafa au kwamba wamerogwa. Wengine huchanganya na chang'aa au na vidonge vya usingizi jioni, na mchanganyiko huo ndio unaozima pumzi usiku mtu akiwa amelala. Msimu ukiisha fedha zinaisha, arosto inaanza, na mama yake anadhani ni malaria. Anatibiwa malaria. Hakuna anayemuuliza swali sahihi, naye hataji, kwa sababu ameshasikia chifu akitangaza barazani kwamba watumiaji wa dawa za kulevya watakamatwa.

Nimeandika kuhusu jambo hili kwa zaidi ya ofisi moja. Jibu lililokuja ni kwamba suala la magunia ni la kilimo, suala la kemisti ni la Bodi ya Famasia na Sumu, na suala la uraibu ni la kampeni dhidi ya dawa za kulevya. Kila ofisi ina haki kwa kipande chake. Lakini mgongo wa yule kijana ni mmoja.

Sisemi kwamba kila kemisti anavunja sheria. Wapo wanaodai cheti cha daktari na kupoteza wateja kwa sababu hiyo, na ninawaheshimu sana. Tatizo ni kwamba mteja anayefukuzwa kwa haki huvuka barabara tu. Na wakati huohuo, mgonjwa wa saratani huko Tinet au Kiptagich anaumia usiku kucha, kwa sababu morfini ya maji inamlazimu mtu wake asafiri hadi mjini Nakuru. Dawa za jamii moja zimejaa pale zisipotakiwa na kukosekana pale zinapotakiwa.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo. Gunia la kilo 50 litekelezwe Kuresoi, sokoni na kwenye vizuizi vya barabarani, na afya ihesabiwe kuwa sababu mojawapo, si bei ya mkulima peke yake. Kati ya hatua zote za kuzuia uraibu, hiyo ndiyo rahisi zaidi kwetu, na haihitaji dawa hata moja. Madalali wa viazi na wenye malori waitwe kwenye semina kama hii, maana leo hawapo.

Kila kemisti iwe na daftari la tramadoli na kodeini: tarehe, kiasi, nani aliandika. Bodi ya Famasia na Sumu ipeleke wakaguzi wake siku za soko, na si siku za kazi za kawaida, maana siku za soko biashara hii hailali. Asiyekuwa na mfamasia au mtaalamu wa famasia aliyesajiliwa asifungue mlango.

Wahudumu wa afya ya jamii, mliokabidhiwa vifaa vyenu tangu mwaka 2023, ongezeni swali moja mnapozuru nyumba: unatumia dawa gani ya maumivu, na tangu lini? Msimwambie mtu aache ghafla. Kipimo hupunguzwa kidogo kidogo chini ya mtabibu, na aliyewahi kuanguka aletwe upesi. Machifu, tangazeni barazani kwamba anayekuja hospitali kutafuta msaada hatakamatwa. Nasema hivi kwa sababu hofu ya kukamatwa peke yake inatuzuia kuwaona wagonjwa. Wachungaji, mwombeeni mgonjwa, kisha mleteni.

Hospitali za Olenguruone na Molo ziwe na naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidisha dawa hizi, kwenye chumba cha dharura, zote mbili, na wauguzi wafunzwe kuitumia, wakijua kwamba kwa tramadoli haizuii degedege. Ziwe pia na siku moja ya juma ya kliniki ya mgongo, ambako mpakizi atapata mazoezi, ushauri na dawa inayofaa kabla hajafika kemisti. Na morfini ya wagonjwa wa saratani ifike Olenguruone, iwekwe chini ya kufuli, iandikwe kwenye daftari lilelile ninalolidai kwa tramadoli, ili binti anayemuuguza mama yake Tinet asilazimike tena kupanda matatu mbili na kulala Nakuru kwa ajili ya chupa moja.