Mwalimu wa Watoto Wadogo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wawakilishi wa vikundi vyenye shule za nasari, Elgon View, Eldoret.)

Najua wengine mmetoka nyumbani kabla ya kukucha, na barabara ni matope.

Niliombwa nizungumze juu ya nasari zetu. Nitaanza mbali, kwa Mjerumani mmoja, halafu turudi nyumbani. Jina lake ni Friedrich Fröbel.

Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, nchi ya vilima na misitu. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri mwenye shughuli nyingi. Mama alifariki mtoto akiwa hajatimiza mwaka. Baba akaoa tena, na mama wa kambo hakumjali. Watoto wa namna hii mnawajua, wako kila kijiji. Akiwa na miaka 15 alipelekwa kwa msimamizi wa misitu kujifunza kazi. Baadaye akaenda chuo kikuu cha Jena, na huko akafungwa kwa wiki kadhaa kwa ajili ya deni. Nawaambia haya kwa sababu mnapenda kudhani kwamba mwalimu mkuu huzaliwa mwalimu mkuu.

Mwaka 1805 alikwenda Frankfurt kusomea ujenzi, akapewa darasa afundishe, na akaipenda kazi hiyo. Mwaka 1816 akafungua shule yake mwenyewe. Wanafunzi walikuwa watano tu, wote watoto wa ndugu zake, na watatu kati yao walikuwa mayatima wa baba. Mwaka uliofuata shule ikahamia kijiji cha Keilhau, ambako mama wa wale mayatima alinunua shamba dogo. Mnaona? Ilianza kwa ukoo na mjane mmoja, wala si kwa serikali. Miaka michache baadaye wanafunzi walipita hamsini.

Lakini kazi iliyomfanya akumbukwe aliianza akiwa mtu mzima wa miaka 55, mwaka 1837, katika mji mdogo wa Blankenburg. Aliona kwamba miaka ya kwanza ya mtoto inapotea bure. Basi akatengeneza vitu vya kuchezea. Kwanza mipira sita midogo ya sufu, kila mmoja na rangi yake. Halafu mbao tatu: moja ya mviringo kama mpira, moja ya pembe kama sanduku, moja kama mkebe. Halafu sanduku dogo lililokatwa vipande vinane vilivyo sawa.

Hivyo vipande vinane ndivyo ninavyovipenda mimi. Mtoto anajenga kiti, anabomoa, anajenga kisima. Akigawa mara mbili anapata vinne na vinne. Akigawa tena, viwili viwili. Hajashika kalamu bado, na tayari ameijua nusu na robo kwa mkono wake. Tena kila mtoto alikuwa na tuta lake la kupanda mbegu, na shamba moja la wote. Mwaka 1840 akaipa kazi hiyo jina Kindergarten, yaani bustani ya watoto.

Mwaka huo huo aliwaomba wanawake wa Ujerumani wanunue hisa ili kuisimamisha. Zilinunuliwa chache. Mnacheka? Nani hapa hajabaki na tikiti za harambee mkononi? Na huyu mzee, kusema kweli, kwa mambo ya fedha alikuwa dhaifu.

Agosti 1851 serikali ya Prussia ikapiga marufuku shule hizo, ikisema zinafundisha watoto ukafiri na usoshalisti. Walimchanganya na mtoto wa ndugu yake, Karl, aliyekuwa ameandika kijitabu. Fröbel alifariki tarehe 21 Juni 1852, marufuku ikiwa bado ipo. Iliondolewa mwaka 1860. Wanawake aliowafunza ndio walioendelea, wakaipeleka hata nchi nyingine.

Haya, turudi nyumbani. Mwaka jana nilitembelea nasari ya kikundi kimoja, sitakitaja. Kamati ilikuwa imemwachisha mwalimu kazi kwa sababu watoto "wanacheza tu". Mtoto wa miaka mitatu akanionyesha daftari lake: a, a, a, kurasa nne. Nikampa punje tano za mahindi, nikamwambia anipe mbili. Akanirudishia zote.

Wazazi nawaelewa. Wamelipa, wanataka kuona daftari limejaa. Mimi mwenyewe nilikuwa mzazi wa namna hiyo kwa kifungua mimba wangu.

Tangu Katiba ya 2010, nasari ni kazi ya kaunti. Lakini pale ambapo bado ni kikundi kinachomlipa mwalimu, kamati ndiyo inayosema abaki au aende. Kwa hiyo kabla ya kumfukuza, kaeni naye darasani asubuhi moja, mtazame wanachokicheza.

Tumeomba mabaki ya mbao kwa seremala, tumeyapiga msasa. Tumekata vipande vya inchi mbili ili mtoto asivimeze. Viko katika gunia pale mlangoni, vinane kwa kila kikundi. Na baada ya chai, wale wa kikundi nilichokisema, mnajijua, naomba tukae kidogo juu ya yule mwalimu. Bado hajapata kazi.