Chozi Mmoja au Wengi? Istilahi za Kiswahili na Ndege wa Milima ya Tao la Mashariki

Kiswahili kina neno moja, chozi, kwa ndege wadogo wenye mdomo mwembamba uliopinda, ambao hufyonza mbochi katika maua na kula wadudu. Neno hilohilo hutaja tone litokalo jichoni, na upatanisho wa kisarufi ndio unaotenganisha maana hizo mbili: chozi limedondoka, lakini chozi ametua. Sarufi, basi, imetimiza wajibu wake. Linalobaki ni kuuliza iwapo msamiati nao umeutimiza wake.

Mwaka 1885, G. E. Shelley alimweleza kisayansi chozi wa Kilimanjaro na kumwita Cinnyris mediocris. Dume ana mgongo wa kijani unaong'aa, na kifuani ana ukanda mwembamba wa buluu juu ya ukanda mwekundu. Ndege wanaofanana naye walipatikana baadaye katika milima mingine, na kwa muda mrefu wengi wao walihesabiwa kuwa nasaba za kimaeneo za spishi moja. Yule wa Nguru na Ukaguru, Cinnyris moreaui, alidhaniwa na baadhi ya wataalamu kuwa chotara aliyetokana na chozi wa Uluguru, Cinnyris loveridgei.

Utafiti wa DNA uliochapishwa mwaka 2004 na Rauri Bowie na wenzake ulibadili mtazamo huo. Ulionyesha kwamba ndege wa Usambara na Pare Kusini, wa Nguru na Ukaguru, wa nyanda za juu za kusini, na wa Kilimanjaro na Kenya wanastahili kuwa spishi nne. Sababu iko katika jiografia: misitu ya milimani yenye baridi ni kama visiwa, na nyanda kavu zilizo kati yake ni kama bahari asiyoivuka ndege huyu kwa urahisi.

Sayansi imewapa ndege hao majina. Baadhi yanawaenzi wageni, kama Reginald Moreau aliyefanya kazi Amani, na Arthur Loveridge. Jina usambaricus linaienzi milima yenyewe. Kiswahili kinaweza kufuata njia hiyo ya pili bila kukopa neno lolote: chozi wa Usambara, chozi wa Uluguru, chozi wa Ukaguru. Hata hivyo, kabla ya kuunda istilahi, ni haki kuwauliza kwanza wasemaji wa Kisambaa, Kiluguru na Kikaguru, kwa kuwa wao ndio majirani wa ndege hao.

Jambo hili si la kamusi pekee. Chozi wa Uluguru hapatikani penginepo duniani. Msitu wake ukifyekwa, mwenye neno moja tu atasema kwamba chozi bado wako tele, na kwa kipimo cha lugha yake atakuwa amesema kweli. Hasara isiyo na jina haina wa kuililia.