Nakshi za Deraya: Cha Kutafutwa na Cha Kununuliwa



Leo tunazungumzia jambo linaloweza kuonekana dogo: mapambo ya mavazi ya vita katika mchezo wa Minecraft. Tumelichagua kwa sababu fedha ya nyumbani huweza kutumika kulipia pambo ambalo, kwa kanuni za mchezo wenyewe, hupatikana bila malipo.

Tangu Juni 2023, lilipotoka toleo la 1.20, mchezaji anaweza kutia nakshi kofia, deraya ya kifua, suruali na viatu vyake. Huhitaji vitu vitatu: vazi lenyewe, kiolezo cha nakshi, na madini ya kutia rangi, kama vile shaba, dhahabu, zumaridi au almasi. Huviweka kwenye meza ya mhunzi, na vazi hutoka limepambwa. Kiolezo kikitumika mara moja huisha. Ndiyo maana mchezaji mwangalifu hukinakili kwanza. Kwa mfano, kiolezo kiitwacho Coast, ambacho hupatikana katika masanduku ya meli zilizozama, hunakiliwa kwa almasi 7 na jiwe moja la kawaida. Almasi hizo nazo huchimbwa humo humo mchezoni.

Tunaomba mzingatie mambo mawili. Kwanza, nakshi haiongezi kinga ya deraya hata kidogo. Ni urembo mtupu. Pili, thamani yake hutokana na safari ya kuitafuta. Kijana anayejivunia kiolezo adimu hujivunia saa alizotumia na hatari alizozipita. Anayekinunua hukosa sehemu hiyo.

Mkanganyiko huanzia hapa. Katika toleo la Bedrock, linalotumika kwenye simu, mna duka liitwalo Marketplace, ambamo sura na mavazi ya mhusika hununuliwa kwa sarafu za Minecoins, na sarafu hizo hununuliwa kwa fedha halisi. Hiyo ni biashara halali, lakini si nakshi tunayoizungumzia. Aidha, bei ikitajwa kwa sarafu za mchezo, mtoto haoni shilingi zinazotoka. Katika toleo la Java, mchezaji huweza kujiwekea sura mpya ya mhusika bila malipo.

Hatari kubwa zaidi ni mtu asiyejulikana anayemwambia mtoto, "Nitumie fedha, nami nitakupa deraya yenye nakshi adimu." Kitu hicho huishi katika ulimwengu mmoja tu wa mchezo, ulimwengu huo ukifutwa, nacho hupotea. Muuzaji akiomba nenosiri la akaunti, mazungumzo na yakome hapo hapo. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na pengine gunia lenyewe ni tupu.

Watoto kununua mapambo bila idhini si jambo la kufikirika. Desemba 2022, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba Epic Games, watengenezaji wa mchezo wa Fortnite, watalipa dola milioni 245 za kuwarejeshea wateja. Miongoni mwa malalamiko ya tume hiyo ni mpangilio wa vitufe uliowafanya wachezaji wanunue wasichokusudia, na watoto kuweza kununua bila ridhaa ya wazazi.

Kwa hiyo tunawashauri hivi. Wekeni simu ya nyumbani idai nenosiri kwa kila ununuzi, wala mtoto asilijue. Kabla ya kununua sarafu, kadirieni kitu kinachotakiwa kitagharimu shilingi ngapi, kisha nunueni kwa kiasi hicho. Hifadhini risiti zinazokuja kwa barua pepe, na likitokea kosa, ombeni kurejeshewa fedha mapema kupitia duka mlikonunulia. Zaidi ya yote, mtoto akiomba fedha ya pambo, muulizeni maswali matatu: Je, kinapatikana kwa kucheza? Anayeuza ni nani? Tukikipoteza, tutamdai nani?

Hatuwaombi mwapige watoto marufuku. Kaeni nao jioni moja, mwombeni kijana awaonyeshe deraya yake, naye aeleze kila nakshi aliipata wapi. Mtoto anayeweza kueleza hayo atajua pia ni kipi hakistahili kulipiwa.