Kifuniko cha Choo

Leo nataka kusema habari ya kitu ambacho watu wengi huona haya kukitaja, nacho ni kifuniko cha choo cha shimo. Kikipinda au kikiliwa na mchwa, wengi husema, "Si neno, shimo lenyewe bado zima." Sivyo. Nzi aingiaye katika mwanya ule hutoka na uchafu miguuni, akatua juu ya uji wa mtoto. Nayo ni njia moja ya kuhara damu na homa ya matumbo.

Basi, kifuniko kibovu kichome moto, ufanye kipya. Pima tundu kwa kamba, kisha kata mbao za mvule au mninga, maana mchwa hawazipendi, zipite tundu kwa vidole vinne kila upande. Ziunge kwa vipande viwili vya mbao vilivyokingama, zisipinde. Katikati tia mpini mrefu uliosimama, mtu asiiname wala asiguse ubao. Mwisho, funika utazame: ukiona mwanya, sawazisha sakafu kwa udongo mpaka kifuniko kikae imara.

Kazi hii ni ya asubuhi moja. Kuuguza mtoto ni kazi ya siku nyingi.