NGUO ZA NJE NA MKONO WA FUNDI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kuwa nguo zifumwazo huko hazina mfano, na kwamba zilipelekwa hata Misri. Karne tano baadaye, Sayyid Said alipokwisha kufanya mapatano na Marekani mwaka 1833, majora ya pamba ya Massachusetts yalijaa Unguja, na kutoka hapa yakaenea mwambao na bara. Jina la merikani lingali vinywani mwetu. Wafumaji wa Benadir wakabanwa, si kwa uvivu wao, bali kwa bei.

Mambo hayo yamerudi katika zama zetu. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Eldoret nayo ilikuwa na Rivatex. Milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, nguo za Asia na mitumba ya Ulaya na Marekani zilishuka bandarini kwa bei ambayo viwanda vyenye mashine kuukuu havikuiweza.

Kiwanda kikibanwa, kwanza huacha kuchukua wanagenzi. Kisha hupunguza wasokotaji na wafumaji, kikabakisha wachache wajuao kuitengeneza mashine. Hesabu ya wafanya kazi hushuka, lakini ujuzi utakiwao kwa kila aliyebaki hupanda. Hapo ndipo penye hatari: fundi mzee akistaafu, hana wa kumrithi. Mashine hununuliwa kwa mwezi mmoja. Fundi hufundishwa kwa miaka.

Wako wasemao tufunge mlango. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia, wengine wakarudi nyuma, na Rwanda, iliyoshika msimamo, mwaka 2018 ikanyimwa nafasi ya kuuza nguo huko bila ya ushuru. Tena ushuru peke yake humtoza maskini, ambaye huvaa mtumba kwa kuwa hana uwezo wa nguo mpya.

Kwa hiyo twaitaka Serikali mambo mawili. Kila kinga apewayo mwenye kiwanda iwe na muda wake, na iwe na sharti la kufundisha wanagenzi kila mwaka. Na fungu la ushuru wa nguo za nje liende katika shule za ufundi, ili vijana wetu wawe miongoni mwa wale wachache watakiwao, na wachache hao wawe wengi.